Zamu ya Kumi na Moja

Ifahamike kwa wakazi wote wa Bujumbura, wa ziwani na wa vilimani, wenye nyumba na walioahidiwa nyumba, ya kwamba siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kule Buterere, mahali ambapo zamani vyura walikaa bila kusumbuliwa na mtu, itafunguliwa rasmi Nyumba ya Jamii: nyumba iliyowazwa na jamii, ikachorwa na jamii, ikapigiwa kura na jamii na, kwa sehemu fulani, ikajengwa na jamii. Wageni wa heshima watakuwepo. Viti vya plastiki vitakuwepo. Fanta zitakuwepo, baridi kadiri barafu itakavyoruhusu. Na mwenye nyumba, Bwana Tajudini, fundi mwashi mwenye umri wa miaka hamsini na minane, atasimama mbele ya maikrofoni na kuueleza ulimwengu raha ya kukaa katika nyumba ya namna hiyo.

Tangazo hilo lilizungushwa mitaani na gari lenye spika mbili juu ya paa, mara kwa Kirundi, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia semina. Tajudini alilisikia mara zote tatu, na mara zote tatu alikuwa anashughulika na mayai mawili kwenye kikaango. Alisikiliza mpaka lilipofika neno "raha", akayageuza mayai.

Ili tusimwonee mtu, tuanze mwanzo.

Tajudini alizaliwa Buyenzi, mtaa ambao ukipiga chafya msikitini, fundi wa pikipiki aliye mwisho wa barabara anakuombea afya. Baba yake alikuwa mwashi, babu yake alikuwa mwashi, na yeye alishika mwiko kabla ya kushika kalamu. Kalamu yenyewe aliishika miaka sita, akaona inachosha kuliko mwiko na haiachi ukuta nyuma yake, akairudisha kwa wenyewe.

Kwa miaka thelathini alijenga nyumba za watu wengine. Kuta nyingi za Kinindo zimepita mikononi mwake, yale majumba ya karibu na ziwa yenye mageti ya chuma na mbwa wanaolishwa kwa ratiba. Aliingia kwa geti siku ya kuchimba msingi, akaagwa kwa geti siku ya kupaka rangi, na baada ya hapo akipita njia ile mlinzi humuuliza anamtafuta nani. Hakuwa na kinyongo. Alichokuwa nacho ni kiwanja Buterere.

Kiwanja cha Buterere ni kitu cha kuelezwa kwa upole. Ni ardhi, miezi sita ya mwaka. Miezi iliyobaki ni mabishano kati ya mto, mashamba ya mpunga na maji machafu ya jirani. Tajudini alijenga pale nyumba ya rukarakara, yale matofali ya udongo yanayokaushwa kwa jua tu bila moto, vyumba viwili na sebule, akahamia na mkewe Zubeda. Wakakaa miaka tisa kwa amani. Mwaka wa kumi, mwezi wa Aprili, maji yaliingia baada ya sala ya alasiri. Ilipofika magharibi nyumba ilikuwa imerudi kuwa kile ilichokuwa kabla hajaikata vipande. Mwashi wa vizazi vitatu alisimama mbele ya lundo la tope lenye mlango katikati. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu, haukupata hata mkwaruzo. Ulisimama peke yake, umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Zubeda alichukua godoro, sufuria mbili na mkeka wa kusalia, akaenda Buyenzi kwa kaka yake Huseni, fundi wa magari, ambaye alimpa chumba kilichokuwa kinakaa gibokisi na matairi mabovu. Kabla hajapanda teksi alimwambia mumewe maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia, maana Zubeda hakuwa mtu wa kunong'ona mbele ya msiba.

"Mi sirudi kwa hema, na sirudi kwa maneno. Nitarudi siku nitasikia mvua inapiga bati yangu mwenyewe, na mi niko chini yake."

Basi shida ya Tajudini ikawa hiyo moja tu: bati, mvua juu yake, Zubeda chini yake.

Sasa, katika gharika ile kulikuwa na kitu kimoja kilichokataa kuondoka. Majirani walikuwa wamejaza udongo kwenye mifuko ya mchele, ile inayotupwa pale mashineni pa kukobolea, wakaipanga ili kuzuia maji. Haikuzuia kitu, maji yalipita juu yake bila hata kuaga. Lakini yaliposhuka, nyumba zote za rukarakara zilikuwa chini, na ile mifuko ilikuwa bado imekaa palepale, imeshikana, migumu kama afisa wa forodha. Tajudini aliupiga mmoja teke. Akavimba kidole gumba wiki mbili. Hivyo ndivyo elimu ilivyoingia Buterere, na haikuhitaji projekta.

Alijaribu, akabomoa, akajaribu tena. Mwisho akapata mchanganyiko: mifuko ya mchele, udongo wa kichuguu, changarawe kidogo, seng'enge kati ya safu na safu ili zisiteleze, msingi wa mawe unaopanda mpaka gotini, na kwa nje lipu ya udongo uliokandwa na makapi ya mpunga. Ukuta wa hivyo unaweza kuugonga kwa bega, na bega ndilo litakaloomba msamaha.

Familia kumi na moja zilizopoteza nyumba zikakubaliana kujengeana kwa zamu, jambo ambalo Warundi wanaliita ikibiri: leo wote kwako, kesho wote kwangu. Kila Jumamosi ya kiangazi, wakitoka kwenye kazi za jamii za asubuhi, za kufyeka majani na kufagia, waliingia kwenye kazi yao wenyewe. Mwenye zamu alipika maharage na ugali. Jumamosi tatu, nyumba imesimama. Zamu zilipopangwa, Tajudini, kwa kuwa ndiye fundi na ndiye kiongozi, alijiweka wa kumi na moja. Yeye aliiona ni heshima. Zubeda alipoambiwa, aliiona ni kitu kingine, na jina alilokipa kitu hicho haliwezi kuandikwa hapa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka zamu ya tatu, ambayo ilikuwa ya Shaabani.

Shaabani ni fundi wa baiskeli, na ni mtu wa mawazo. Alitaka veranda. Akapewa. Akataka madirisha ya upinde kama ya msikiti. Kisha akataka ngazi, katika nyumba isiyo na ghorofa, kwa ajili ya baadaye. Kila wenzake waliposhika mfuko, yeye alishika wazo jipya. Nyumba yake ikameza Jumamosi sita, na ngazi hakuipata. Ndipo Tajudini, kwa hasira ya mtu anayehesabu mawingu, akaweka sheria: mwenye zamu anafunga mdomo. Haulizi, hachagui, hapingi. Anapika maharage, anapokea anachojengewa. Wenzake ndio watakaosema kwa niaba yake, maana hao hawana tamaa na nyumba isiyo yao. Sheria ilipokewa kwa Fatiha upande mmoja na kwa ishara ya msalaba upande wa pili, na ikashika kuliko seng'enge. Kuanzia zamu ya nne mpaka ya kumi hakuna mwenye nyumba aliyetoa neno. Hata Pascaline, mkulima wa mpunga ambaye kunyamaza kwake ni kazi nzito kuliko kubeba mawe, alikaa kimya Jumamosi tatu, akajengewa nyumba, na Jumamosi ya nne akasema yote kwa mkupuo.

Kiangazi cha kwanza kilitoa nyumba tano. Cha pili kikatoa nyingine tano. Mwisho wa Agosti ikafika zamu ya kumi na moja. Jumamosi ya kwanza watu walipandisha msingi wa mawe na safu sita za mifuko, kwa sababu walimpenda fundi wao na walikuwa na deni naye la jasho. Zilibaki Jumamosi mbili. Mvua ilikuwa bado haijaikumbuka njia. Kule Buyenzi, Zubeda alikuwa ameshafua mapazia.

Ndipo lilipokuja gari.

Lilikuwa gari jeupe lenye antena ndefu, mali ya shirika lenye jina refu zaidi. Kibao chao, walipokuja kukisimika, kilihitaji nguzo tatu. Akashuka Valéry, arkitekti kijana, mchoraji wa majengo, kutoka Kinindo, amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, yote mitupu. Alikuwa mtu mwema, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumfukuza. Alizizunguka zile safu sita, akazipapasa, akapiga magoti kwenye tope ili apige picha, akauliza arkitekti ni nani. Wakamwonyesha Tajudini, aliyekuwa anakoroga maharage. Macho ya Valéry yakalowa. Alisema ametafuta miaka mitano nyumba inayojengwa na jamii yenyewe, na leo ameiona kwa macho yake, na kwa hiyo ujenzi usimame mara moja.

Usimame kwa nini? Kwa sababu jamii haijashirikishwa.

Pascaline akauliza jamii ni nani, kama si hawa wenye tope mpaka magotini. Valéry akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika. Baadaye walikuja kujua kwamba swali likishaandikwa na Valéry, halionekani tena.

Jumamosi iliyofuata haikuwa na mifuko. Ilikuwa na hema jeupe, viti arobaini, karatasi kubwa za kubandika na kalamu za rangi nne. Iliitwa ateliye, yaani warsha. Watu waliokwisha kujenga nyumba kumi walifundishwa kwa michoro namna ya kutia udongo ndani ya mfuko. Mchoro wa kwanza ulikuwa na maandishi chini yake: "Hatua ya kwanza: fungua mfuko." Palikuwa na sambusa. Palikuwa na fanta baridi, na fundi yeyote atakuambia kwamba kati ya kubeba mawe juani na kukaa kivulini na chupa mkononi, jamii haina haja ya kupiga kura. Lakini ilipiga.

Ilipiga kura juu ya kila kitu. Valéry alitaka nyumba hii iwe ndoto ya wote, akagawa karatasi ili kila mtu achore nyumba anayoiota. Watu hawa hawakuwa wanaota nyumba; walikuwa wanaota wasiamshwe na maji. Lakini mgeni akikupa karatasi humrudishii nyeupe, hiyo si adabu, kwa hiyo walichora. Mzee mmoja alichora ng'ombe, akasema nyumba iko nyuma yake. Shaabani alichora veranda, madirisha ya upinde na ngazi. Yote yakabandikwa, yakajumlishwa. Ukuta uliotenga chumba cha kulala na sebule ukaondolewa kwa kura nyingi, ili kuwe na nafasi ya kukutana. Katikati ya ukuta wa mbele likapitishwa dirisha dogo la kioo ambalo si la kutazama nje. Ni la kutazama ndani ya ukuta wenyewe, ili mgeni aione mifuko ilivyolala. Likaitwa dirisha la ukweli. Na ngazi ikapita, watu wakipiga makofi.

Tajudini alikuwa amekaa mstari wa mbele. Wakati wanamwondolea chumba chake cha kulala, aliinuka nusu kitini. Akanyanyua mkono. Shaabani, ambaye alikuwa ameisubiri siku hii tangu siku aliyonyimwa ngazi, akamgeukia kwa upole wa kutisha.

"Muzee Tajudini, mwenye zamu anafunga mudomo. Iyo sheria, mi sikuileta."

Hema lote likacheka, na hakuna aliyecheka kwa ubaya. Mkono ukashuka. Valéry aliuliza kimesemwa nini, akaelezwa, akafurahi kupita kiasi: kumbe jamii ina katiba yake. Akaandika kwamba mwenye nyumba anaridhia kwa ukimya, kama bibi harusi mbele ya shehe. Tofauti ni kwamba bibi harusi huulizwa mara moja tu, kisha anapelekwa kwake.

Kila Ijumaa, akitoka kwenye sala, Tajudini alipita kwa shemeji yake. Zubeda alimpa chai katikati ya gibokisi. Ijumaa ya kwanza baada ya ateliye alimuuliza wamefika wapi.

"Tumepiga kura."

"Ya bati?"

"Ya ngazi."

Zubeda alikunywa chai yake mpaka chini. Kisha akauliza ngazi hiyo inaenda wapi. Tajudini akasema bado haijaamuliwa, iko kamati.

Ijumaa ya tatu Zubeda hakuuliza tena habari za kamati. Alimwambia afungue mdomo aseme kama mwanaume mwenye nyumba. Tajudini akamweleza habari ya sheria, kwa urefu, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Zubeda akamkumbusha kwamba aliyeiweka ni yeye, na kitu ulichokiweka mwenyewe unajua kilipo, basi akakiondoe. Hapo Tajudini akasema kinachomzuia: watu saba walinyamaza chini ya sheria ile. Pascaline alinyamaza mpaka akaanza kulalamika tumbo. Atakuwaje yeye, mwenye kuileta, wa kwanza kuivunja kwa sababu nyumba sasa ni yake?

"Basi mi nimeolewa na sheria," Zubeda akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomrudisha Tajudini Buterere kwa miguu, akiyaacha mabasi yote yampite.

Ilibaki nusu ya pili ya sheria: wenzake wangeweza kumsemea. Hakuwaomba, kuomba nako ni kusema. Alichofanya ni kukoroga maharage karibu na Pascaline na kuyaambia maharage, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtu mwenye mke anahitaji japo ukuta mmoja kati ya kitanda na wageni. Pascaline alielewa. Katika ateliye ya nne akasimama, akauliza mbele ya wote mutu na bibi yake watalala wapi, kama chumba kimekuwa uwanja. Valéry akasema hilo ni swali zuri sana. Likaundiwa kamati ndogo ya faragha, ya watu tisa, ambayo ilikutana hadharani.

Mvua iliikumbuka njia katikati ya Oktoba. Tajudini alikuwa amehamia kiwanjani ili azilinde safu zake. Alitandaza karatasi ya plastiki, akaiegemeza kwenye ukuta wake mwenyewe, akakaa chini yake na mbabula, jiko lake dogo la makaa. Mifuko haikuyumba. Shirika liliandika kwamba jengo limefaulu jaribio la mvua. Halikuandika kwamba mwenye jengo alikuwa upande wa nje wa jaribio.

Kati ya kura na kura kuta zilipandishwa mpaka juu, na ngazi pamoja nazo. Bati zilifika Novemba, zikalala chini wiki mbili zikisubiri ateliye ya bati. Jumamosi ya ateliye hiyo gari jeupe lilikwama kwenye tope kabla ya kufika. Watu walikuja, wakakuta hema halijasimamishwa, hakuna fanta, hakuna karatasi. Wakakaa kidogo. Wakazitazama bati. Mmoja akapanda kushika mbao, mwingine akampa misumari, Pascaline akapika maharage bila kuambiwa, maana yule wa kupika alikuwa juu ya paa anapiga nyundo kama kijana. Kabla ya alasiri nyumba ilikuwa na paa. Kwa kuwa ateliye haikufanyika, ujenzi ulifanyika. Hata Shaabani alifanya kazi, na alipoifikia ngazi, iliyoishia inchi chache chini ya bati bila kuelekea popote, aliishika kidogo, kisha akarudi kwenye misumari.

Valéry alikuja Jumamosi iliyofuata. Alihuzunika kidogo, kisha akafurahi sana. Akawakalisha ndani, mvua ikiwa inanyunya, akawaambia lililobaki ni jambo moja la mwisho. Nyumba hii, alisema, ni kubwa kuliko mtu mmoja. Wageni wanataka kuja kuiona, kutoka mikoani na kutoka nje. Kama itabaki wazi kwa maonyesho miaka miwili, bila mtu kuhamia, shirika litachimba mtaro wa maji na kuujengea kwa mawe, upite nyuma ya nyumba zote kumi na moja mpaka mtoni.

Mzaha ulikwisha hapo. Kila mtu ndani ya nyumba ile aliyajua maji ya Aprili kwa kina chake. Mfuko unasimama kwenye maji, lakini mtoto hasimami, wala mchele ulio chini ya kitanda. Mtaro wa mawe ni kitu ambacho hata Jumamosi mia za ikibiri zisingeweza kukipata.

Mikono haikunyanyuka haraka kama siku ya ngazi. Ulipanda mmoja, ukapanda mwingine. Wa Pascaline ulikuwa wa mwisho, na aliunyanyua akiwa anatazama sakafu. Valéry akauliza kama mwenye nyumba ana pingamizi. Watu walimsubiri Shaabani aseme lile neno lake. Shaabani alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo safari hii hakuna aliyemfunga Tajudini mdomo. Ulikuwa wazi kama alitaka. Alizitazama sura kumi, akizijua kuta za kila mmoja, safu kwa safu. Alisubiri mmoja wao amsemee, maana hilo nalo lilikuwa kwenye sheria, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka. Mvua ilipiga bati. Ikaandikwa: hakuna pingamizi.

Kwa bahati mbaya habari za paa zilifika Buyenzi kabla ya habari za kura. Ijumaa ile Tajudini hakuwa amepita, akitaka kumpelekea mkewe habari iliyokamilika. Mteja mmoja wa Huseni alipita Buterere akaona bati zinang'aa, akasema. Jumapili hiyo, mvua ikiwa imeshika kweli, Zubeda alipanda teksi na godoro juu ya paa la gari, limefungwa kwa nailoni, na mapazia kwenye mfuko mapajani. Alishuka, akafungua mlango. Ulikuwa mlango uleule wa mbao ngumu, wa nyumba ya zamani, na ufunguo wake alikuwa amebaki nao mmoja.

Ndani palikuwa na viti arobaini vimepangwa vinatazama mbele. Michoro ilikuwa ukutani, na ng'ombe. Palikuwa na ngazi. "Hatua ya kwanza: fungua mfuko."

Tajudini alitoka chini ya plastiki yake akamfuata, akaanza kumweleza: mtaro, wageni, miaka miwili, majirani. Zubeda hakuwa anamsikiliza yeye. Alisimama katikati ya viti na mwavuli umefungwa mkononi, uso umeinuka kidogo. Juu, mvua ilikuwa inazipiga bati zake mwenyewe, na yeye alikuwa chini yake.

"Nimeisikia," akasema.

Akatoka, akapanda teksi ileile. Godoro lilikuwa halijashushwa.

Basi ikafika Alhamisi ya tangazo. Wageni wa heshima walikuja na magari saba, sita yakafika. Hotuba zilisomwa. Utepe ulifungwa kwenye ngazi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na mahali pa kufunga utepe, ukakatwa. Mgeni mkuu, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na moyo mzuri, aliinama kwenye dirisha la ukweli, akaona mfuko, akasema ajabu. Aliuliza habari za mtaro. Valéry akamweleza kwamba ateliye ya mtaro imepangwa Januari, na jamii ina hamu kubwa ya kushirikishwa.

Kisha maikrofoni ikaletwa. Shaabani alikuwa amevaa kofia mpya, ana karatasi mfukoni, tayari kumsemea mwenye zamu, kama sheria inavyotaka. Lakini mgeni mkuu alimpita, akamshika Tajudini bega, bega la mwashi lililogonga kuta hizo zote, akamuuliza mwenyewe kwa mdomo wake: "Muzee wetu, hebu tuambie. Sasa mvua ikinyesha, unasikia aje humu ndani na bibi yako?"

Tajudini alitazama nyuma. Shaabani aliirudisha karatasi mfukoni. Kwenye mstari wa mwisho, karibu na mlango, Pascaline alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliokaa.

"Vuga," akamwambia kwa Kirundi, yaani sema.

Fundi aliipokea maikrofoni. Aliigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga ukuta kusikia kama umekauka.

"Sijui," akasema. "Mi sikai humu."